Ubishi wa Neno na Ushahidi wa Jambo

Yapo mabishano ambayo hata yakikesha hayapati mshindi, kwa kuwa wanaobishana hawagombanii jambo bali jina la jambo. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria tunao mfano mkubwa wa hayo.

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Speke alifika Mwanza, akalitazama ziwa, akaamini kuwa hapo ndipo chanzo cha Mto Nile. Habari za ziwa hili alizipata Tabora kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, akiwemo Snay bin Amir. Mwenzake wa safari, Richard Burton, alimpinga, na baadaye akalipendelea Ziwa Tanganyika.

Neno “chanzo” linabishaniwa hata leo. Wapo wasemao kuwa chanzo ni vijito vya milimani huko Burundi na Rwanda, ambavyo maji yake huletwa ziwani na Mto Kagera. Lakini nyuma ya neno hilo palikuwa na jambo la kuonwa kwa macho. Ikiwa Speke alisema kweli, basi mto mkubwa hauna budi kutoka ziwani upande wa kaskazini. Ikiwa ni Tanganyika, basi Mto Ruzizi, ulio kaskazini mwake, hauna budi kutoka ziwani, si kuingia. Mwaka 1862 Speke aliuona mto ukitoka ziwani karibu na Jinja. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley waliukuta Ruzizi ukiingia Tanganyika. Mwaka 1875 Stanley aliondoka kwa mashua Kageyi, si mbali na Mwanza, akalizunguka ziwa letu na kuthibitisha kuwa ni ziwa moja. Macho yakaamua yaliyozishinda ndimi.

Majumbani mwetu hali ni hiyo hiyo. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, alianza kusinzia darasani na kukwepa kuchota maji. Baba yake akamwita mvivu, na fimbo ikaanza kusema. Mama yake akamwita mnyonge. Bibi yake akasema huo ni umri tu. Kila mmoja alilitetea neno lake, na mtoto akazidi kudhoofu.

Nilimwuliza baba yake: “Shemeji, mvivu huchoshwa na kazi, lakini mchezo haumchoshi. Je, mpirani yukoje?” Mama yake ndiye aliyejibu: tangu mwezi uliopita mtoto alikuwa akikaa pembeni ya kiwanja, akiwatazama wenzake. Kabla ya kwenda zahanati tukaafikiana. Asipokutwa na ugonjwa, sitalipinga tena neno la shemeji. Akikutwa nao, fimbo itawekwa chini. Choo kilipopimwa, yalionekana mayai ya kichocho cha tumbo, ugonjwa unaoingia kupitia ngozi mtu aogapo au achezapo katika maji yenye konokono wanaoueneza. Akapewa prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake, na baada ya majuma kadhaa, Alhamdulillahi, akarejea kiwanjani. Shemeji naye alitimiza ahadi yake.

Sisemi kwamba maana za maneno hazina thamani. Mirathi na nikahi haviwezi kuamuliwa pasipo maneno yaliyowekwa wazi. Lakini neno “mvivu” halimpimi mtoto, kama vile neno “mkaidi” lisivyompima mke, wala neno “bahili” mume. Kabla ya kuinua sauti, na hasa kabla ya kuinua mkono, tuulizane: ikiwa hili nisemalo ni kweli, tutaona nini? Na ikiwa si kweli, tutaona nini? Majibu yakiwa mamoja, basi tunagombania neno tu. Yakitofautiana, tutoke twende tukatazame, na kila mmoja awe amekubali mapema kuyapokea yatakayoonekana.