Jiko la Mkaa Chumbani



Sisi wa Makete tunaijua baridi. Juni na Julai umande huganda, na alfajiri shamba la viazi huwa jeupe.

Likizo iliyopita, usiku mmoja, tuliingiza jiko la mkaa chumbani tukafunga mlango na dirisha. Bibi alipoamka kusali alisikia mdogo wetu akilia kichwa kinamuuma, miguu imelegea. Akafungua mlango, akatutoa wote nje kwenye baridi ile. Gesi ya mkaa haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Mwaka mzima tulisoma falsafa. Hilo alitufundisha Bibi. Sasa jioni tunaota moto jikoni, mlango wazi, na jirani mjane tunamwita. Wapendwa, msilale na jiko.