Bujumbura: Fimbo za Gofu kwa Anayeanza

Mji wa Bujumbura umelala kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kwa kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ulianza kama kituo cha askari wa Kijerumani, na hadi uhuru wa mwaka 1962 uliitwa Usumbura. Mgeni ajuaye Kiswahili hapati taabu, kwani akifika Buyenzi huisikia lugha yake mitaani.

Mji huu una uwanja wake wa gofu, mchezo uliokuwa zamani wa wakoloni. Kwa askari mchezo huu si kitu kigeni: Dar es Salaam, uwanja wa Lugalo ni wa Jeshi la Wananchi. Swali la anayeanza ni anunue fimbo zipi.

Burundi haina bahari. Shehena nyingi hushushwa Dar es Salaam, kisha husafiri kwa barabara, au hupitia Kigoma na kuvuka ziwa. Kila hatua huongeza bei, na mfuko kamili wa fimbo waweza kumeza karo ya watoto na unga wa nyumbani. Ndugu msomaji, jikune ujipatapo.

Sheria humkataza mchezaji kuzidisha fimbo 14. Hazimlazimishi kuwa nazo zote. Anayeanza hutosheka na sita: moja ya mbao namba 3, ambayo bado huitwa hivyo ingawa kichwa chake siku hizi ni cha madini, za chuma namba 5, 7 na 9, moja ya kuutoa mpira mchangani, na moja ya kuusukumia shimoni. Namba ikiwa ndogo, fimbo ni ndefu na mpira huenda mbali. Ikiwa kubwa, mpira hupaa juu na kuanguka karibu.

Kuanzia Juni hadi Agosti ardhi ya Bujumbura hukauka na mpira hubingirika sana. Mvua zikinyesha udongo hulainika, na fimbo yenye kitako chembamba hujichimbia. Yafaa basi kuchagua chuma chenye kitako kipana.

Kabla ya kulipa, simama kama apigaye mpira, kichwa cha fimbo kikiwa chini. Ncha yake ikiinuka sana, huenda fimbo ni ndefu mno kwako. Kisigino kikiinuka, huenda ni fupi. Ukishika mpini, vidole viguse kiganja kidogo tu. Kwa sababu hiyo mama asilazimishwe kutumia fimbo za mumewe. Mtoto naye asikatiwe fimbo ya baba, maana hubaki nzito na ngumu kupinda. Atafutiwe nyepesi ya kimo chake.

Fimbo zilizokwisha kutumika si aibu. Tazama kama kichwa kinalegea, kama chuma kimeliwa na kutu, na kama mpira wa mpini umepasuka. Mpini hubadilishwa kwa fedha kidogo, lakini fimbo iliyopinda iache hapo hapo.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Jizoeze kwanza na namba 7. Itakapoupeleka mpira utakako mara nyingi kuliko inavyoupoteza, ndipo ufikirie kuongeza nyingine mfukoni.