Nane Iliyokosa Kijiti cha Kati



Wasomaji wa ukurasa huu, hasa akina mama, huniuliza mara kwa mara juu ya mauziano ya vyombo vilivyokwisha kutumika: cherehani, friji, simu, na siku hizi pikipiki. Mama akipata akiba yake humnunulia mwanawe pikipiki apate riziki, na pikipiki mpya imekuwa ghali, basi huinunua ya mtu. Juma hili nataka kuzungumza juu ya kitu kimoja kidogo katika pikipiki hiyo, nacho ni kioo cha nambari kilicho mbele ya mpandaji. Habari yake ilinifika mwenyewe hapa Nairobi, ikanirudisha kwenye vitabu tulivyosomeshwa tungali vijana.

Pikipiki yangu nimeipanda miaka 11, baina ya Kangemi na Kawangware ninakosomesha. Pikipiki nyingi za bodaboda zina mshale, lakini hii yangu ina kioo cha dijitali kinachoonyesha kasi, mafuta, na jumla ya kilomita ilizokwenda tangu ilipotoka kiwandani. Kwa muda wa mwaka mzima kioo hicho kilikuwa kikififia. Asubuhi kikisomeka kidogo. Jua likipanda hubaki ukungu wa rangi ya chai, na ahali yangu akiniuliza kutoka nyuma kama mafuta yapo, hulazimika kusimama nikaitikisa tangi nisikilize. Magoti yangu nayo yalikwisha kunieleza yaliyo yao, nikaazimia kuiuza.

Jirani yetu mmoja, mama mjane mwenye watoto watatu, akaja kuitazama kwa ajili ya mwanawe wa kwanza. Akainama, akakikinga kioo jua kwa kiganja, akasoma taratibu: 80,316.

"La, mama," nikamwambia. "Hiyo ya pili si sifuri. Ni nane."

"Mbona mimi naona sifuri, Sheikh?"

Alikuwa haki kuona sifuri. Katika vioo hivi kila tarakimu hujengwa kwa vijiti saba, na nane ndiyo pekee inayovitumia vyote. Kikizimika kijiti cha kati, nane huwa sifuri. Kikizimika cha juu upande wa kulia, huwa sita. Kikizimika cha chini upande wa kushoto, huwa tisa. Saba nayo ikipoteza kijiti chake cha juu huwa moja. Kwa hivyo kioo kinachokufa hakinyamazi tu, bali hushuhudia uongo bila ya mtu yeyote kukusudia. Mimi huandika kilomita katika daftari kila nibadilishapo oili, na kwa daftari hilo nilikuwa na yakini kwamba ni 88,316. Kilomita 8,000 zilikuwa zimefichwa na kijiti kifupi kuliko punje ya mchele. Nikamwomba yule mama anipe muda, nikitengeneze kioo kwanza ndipo tuzungumze bei.

Fundi wa pikipiki pale Kawangware akaifungua dashibodi, nikaitia katika mfuko, nikapanda matatu ya 46 hadi mjini. Baada ya kuswali adhuhuri katika Msikiti wa Jamia nikashuka kwa miguu, nikavuka Moi Avenue na Tom Mboya Street, nikateremka hadi Kirinyaga Road, ile barabara ambayo wazee bado huiita Grogan. Huko kila duka ni spea: minyororo inaning'inia kama tasbihi, na magurudumu yamepangwa hadi barazani.

Kijana mmoja muuzaji akaitazama dashibodi yangu mara moja tu. Akaingia ndani, akarudi na nyingine ya pikipiki ya aina ile ile, iliyotumika, kioo chake safi kabisa. Bei shilingi 4,500. Akaiunga kwenye betri ili nijionee, na nambari zikawaka nyeusi, nzuri: 14,207.

"Na hizi kilomita?" nikamwuliza.

"Hiyo ndiyo faida yako, Sheikh. Itauzika kama mpya."

Nikamwambia kwamba mnunuzi ni mjane. Akanijibu kwa upole, bila ya ubaya wowote usoni mwake: "Basi usimwambie. Atafurahi."

Hapa inafaa nieleze kidogo. Katika dashibodi kama hizi hesabu ya kilomita haikai kwenye kioo. Hukaa katika chipu ndogo ya kumbukumbu iliyolehemiwa kwenye bodi, nyuma ya kioo. Ukibadilisha dashibodi nzima unakuwa umeivalisha pikipiki yako umri wa pikipiki nyingine, ambayo pengine ilikwisha kufa katika ajali. Sisemi kwamba kubadilisha dashibodi ni haramu. Iliyopasuka au kuungua ni lazima ibadilishwe, na mwenye kuibadilisha aandike nambari ya zamani na tarehe, abandike karatasi chini ya kiti, na amwonyeshe mnunuzi. Kinachokatazwa ni kunyamaza.

Waliosoma fiqhi ya mauziano wataikumbuka mara moja ile mas-ala ya tasriya. Zamani muuzaji aliacha kumkama ngamia au mbuzi wake siku mbili tatu, kiwele kikajaa, na mnunuzi akidhani kwamba hayo ndiyo maziwa yake ya kila siku. Mtume (SAW) alikataza jambo hilo, na aliyedanganywa akampa hiari: akitaka abaki na mnyama, na akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Tazameni kwamba katika kiwele kile hakukuwa na kitu cha bandia. Maziwa yalikuwa maziwa. Na dashibodi ya yule kijana ilikuwa nzima, na nambari zake zilikuwa za kweli kwa pikipiki iliyozihesabu.

Nikamshukuru, nikapanda tena hadi Luthuli Avenue. Barabara hii ilipewa jina la Albert Luthuli, yule Mwafrika Kusini aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960, na kwa miaka mingi imekuwa soko la redio, spika na simu. Tangu ilipotengenezwa upya mwaka 2019 magari yanapita upande mmoja tu, na mzee mwenye magoti kama yangu anaweza kutembea bila ya kusukumwa. Juu ya ngazi moja nyembamba nikampata fundi wa vioo. Akakiinua kioo changu kwenye taa, akakigeuzageuza.

"Ustadh, hii kioo haijakufa. Ni karatasi yake imechomwa na jua." (Mjini humu ngeli zina uhuru wake. Nimeacha kuzisahihisha ila darasani.)

Akanieleza kazi ya kioo hicho, nami nitaieleza kwa mfano wa kwetu. Chukua madirisha mawili ya mbao nyembamba, uyaweke moja nyuma ya jingine, la kwanza mbao zake zimesimama na la pili zimelala. Nuru ikipita katika la kwanza hutoka imesimama, na kwa hivyo haiwezi kupenya la pili. Hizo ndizo karatasi mbili za polaraiza, moja mbele ya kioo na moja nyuma. Baina yao mna ute mwembamba mno ambao kazi yake ni kuizungusha nuru ilale, ipate kupita. Umeme ukigusa mahali, ute wa pale huacha kuzungusha, nuru hukwama, na pale pakawa peusi. Weusi huo ndio kijiti cha nambari. Aliyeligundua umbile la namna hiyo alikuwa mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer, mwaka 1888, alipokuwa akichunguza dutu iliyotolewa katika karoti. Wala hakuwa akitafuta kioo cha pikipiki wala cha saa.

Jua la miaka 11 huichoma ile karatasi ya mbele, ikageuka rangi na kufanya malengelenge. Huo ndio ukungu. Ama kijiti kinachopotea peke yake, mara nyingi sababu yake ni nyingine. Baina ya bodi na kioo pana utepe wa mpira wenye mistari myembamba kama ya pundamilia, mstari unaopitisha umeme na mstari usiopitisha, nao ndio unaopeleka amri kwa kila kijiti. Ukiingia vumbi au ukilegea, kijiti hukosa umeme. Nyinyi mlioko Mombasa, Malindi na Lamu mna adui wa zaidi, ile hewa ya chumvi inayoila shaba mpaka ikawa kijani.

Fundi akaibandua karatasi ya zamani kwa wembe, kidogo kidogo, kwa kuwa kioo chenyewe ni chembamba na kikipasuka hakuna dawa. Akasugua gundi kwa spiriti (ya kusafishia, msinifikirie vingine), akausafisha utepe wa mpira na shaba za bodi. Kisha akaishika karatasi mpya juu ya kioo kabla ya kuondoa ngozi ya gundi, akaiwasha dashibodi. Kioo kizima kikawa cheusi na nambari zikawa nyeupe. Akacheka, akaigeuza karatasi robo mzunguko, na mambo yakarudi mahali pake. Alinifanyia hivyo makusudi, nadhani, ili nione mbao za madirisha yangu zikisimama na kulala. Gharama ilikuwa shilingi 1,200. Kazi ilikwisha kabla ya alasiri, na nane ya pili ikarudi na kijiti chake: 88,316.

Katika matatu ya kurudi, foleni ya Valley Road ikanipa nafasi ya kufikiri, nikamkumbuka sahaba Wathila bin al-Asqa'. Imamu Ghazali anaisimulia habari yake katika Ihya Ulumiddin, kwenye mlango wa adabu za kuchuma. Mtu aliuza ngamia jike kwa dirhamu 300, na Wathila alikuwa pale, akapitiwa na fikira hata mnunuzi akaondoka. Akamkimbilia akimwita, akamwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Akasema ni kwa kupanda. Basi Wathila akamwambia kwamba ameona tundu katika unyayo wa mnyama yule, na kwamba safari ya mfululizo hataiweza. Mnunuzi akarudi, muuzaji akalazimika kupunguza dirhamu 100, akamlalamikia Wathila kwamba amemharibia biashara. Naye akamjibu kuwa wao walimpa Mtume (SAW) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu.

Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi, alikuwa mpita njia tu. Mimi humtaja kila ninapoona fundi, jirani, au shemeji aliyeifahamu aibu ya chombo, naye akanyamaza kwa hoja kwamba biashara si yake.

Dada zangu, mkienda kununua, washeni ufunguo mkitazama kioo. Pikipiki nyingi za dijitali huwasha vijiti vyote kwa nukta moja kabla ya kuonyesha hesabu, na wakati huo ndio wa kuzichungua zile nane, moja moja. Kitazameni juani, kisha kivulini. Halafu muiache nambari, mtazame raba za kukanyagia, kanyagio la gia, meno ya sproketi, na kiti. Raba iliyolika hadi chuma haikuliwa na kilomita 14,000. Na muuzaji akisema, "Nauza kama ilivyo," neno hilo halimwokoi na aibu aliyoijua akaificha. Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameliwekea neno hilo mpaka mwembamba sana: humwondolea dhima ya aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Pia wamesema kwamba mwenye kugundua aibu arudishe papo hapo, wala asiendelee kukitumia chombo. Hata aliyemwachia mnyama tandiko mgongoni wamemhesabu kuwa ameridhika. Kwa hivyo ukigundua leo, usimwache kijana apige kazi ya juma zima ndipo udai.

Na mlio na pikipiki za namna hii nyumbani, kipande cha leso kuukuu juu ya kioo, inapoegeshwa juani, kitaongeza miaka.

Yule mama akaja Jumamosi na mwanawe. Nilikuwa nimeitaja shilingi 60,000 hapo mwanzo. Kwa nambari mpya, ambayo ndiyo ya zamani, akaomba apunguziwe, na sikuwa na hoja ya kumkatalia. Tukaafikiana 55,000. Tukaandika karatasi: jina lake na langu, nambari ya fremu na ya injini, kilomita 88,316, na kwamba karatasi ya kioo imebadilishwa lakini hesabu haikuguswa. Nikampa na daftari la oili. Uhamisho wa umiliki nikauanzisha kwenye mtandao wa NTSA, naye akaukubali kwa simu yake, binti yangu akimwelekeza pa kubonyeza.

Mama alikuwa bado anaisoma karatasi mara ya pili. Kijana alikuwa amechutama, akiuvuta mnyororo kwa kidole kuona ulegevu wake. "Sheikh," akaniuliza, "na huu umebadilishwa lini?" Nikamwambia afungue daftari, ukurasa wa mwisho.