Nakivale: mnyauko unateremka na maji



Hapa Nakivale watu wanapokelewa tangu mwisho wa miaka ya 1950. Tumekuwa wengi, bustani zimebanana, ya mmoja inaanzia ya mwenzake inapoishia.

Tembea kwenye miteremko wakati wa mvua, uangalie nyanya. Juu, mche mmoja umelegea mchana, majani bado ya kijani. Shuka kwa jirani wa chini: kumbe mstari mzima umelala! Maji yamebeba udongo, na ugonjwa umo ndani.

Kata shina karibu na mzizi, tumbukiza kipande kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Dawa ya kupulizia haiuponyi. Ng'oa mche na mizizi, uchome, usitupe mtaroni. Osha jembe.

Pale usirudishe nyanya, wala viazi ulaya, biringanya au pilipili, maana ni ukoo mmoja. Panda mahindi, halafu vitunguu au kabichi, angalau misimu minne. Mwenye uwanja mdogo apande nyanya kwenye gunia, kwa udongo uliotoka mahali pasipo ugonjwa.

Lakini wa chini akibadilisha mazao peke yake, maji ya juu yatamrudishia mnyauko. Kwa hiyo majirani wa mteremko mmoja wakae pamoja kabla ya mvua, wapatane nani apande nini, na wachimbe mtaro wa kukinga maji. Tusiposikilizana, watoto watakula ugali bila nyanya.