Barua kutoka Minnesota: Dola 400 za Chuma Kisichokata

Kejeli inayowafuata Waafrika Mashariki waishio Minnesota kila wanapotaja useremala wao wa mwisho wa wiki ni ile ya kuulizwa inakuwaje mtu mzima mwenye akili timamu akatoa dola 400, fedha ambayo katika mitaa ya maseremala ya nyumbani, kama Keko au Gikomba, ingempatia mbao za kutosha kitanda kizima, kwa ajili ya kipande cha chuma ambacho hakina mota, hakina meno na hakikati chochote. Kejeli hiyo ina haki yake kwa sehemu, lakini sehemu iliyobaki inawahusu wanaocheka kuliko wanaochekwa.

Ughaibuni kazi hiyo hufanyika gereji, ambayo huko si mahali pa kutengenezea magari, bali ni chumba cha kuegeshea gari kilichoungana na nyumba, ingawa kwa wapenzi wa mbao gari lenyewe hulala nje kwenye theluji ili mashine zipate nafasi. Mashine kuu ni msumeno wa meza, yaani meza ya chuma ambayo msumeno wa duara, kwa kawaida wenye kipenyo cha inchi 10, huchomoza katikati yake. Na juu ya meza hiyo hukaa mwongozo, ambao ni pau ndefu inayosogezwa kulia au kushoto kisha ikakazwa, ili ubao unapopasuliwa ukiwa umeegemezwa hapo utoke na upana ule ule tangu ncha hadi ncha.

Miongozo mingi ya zamani ilikazwa mbele na nyuma ya meza kwa wakati mmoja, na hapo ndipo tatizo lilipozaliwa, kwa kuwa ncha ya nyuma ilipokamata mahali tofauti kidogo na ile ya mbele, pau nzima ilikaa mshazari bila mtumiaji kutambua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 fundi wa Arizona aitwaye Bill Biesemeyer alileta umbo jingine: pau nene iliyounganishwa na kichwa kipana mfano wa herufi T, kichwa hicho kikiteleza juu ya bomba la pembe nne lililofungwa mbele ya meza na kukazwa hapo peke yake kwa mkono mmoja, hivi kwamba upana wa kichwa ndio unaoilazimisha pau ikae sambamba na msumeno. Miongozo mingi inayouzwa leo kwa dola 200 hadi 500 imefuata umbo hilo.

Usambamba huo si urembo. Meno ya mbele ya msumeno hushuka kuingia mezani, lakini ya nyuma hupanda kutoka chini, na ncha zake hukimbia kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Mwongozo ukibana kwa nyuma, ubao husukumwa kwenye meno yanayopanda, ukaungua ukingo, ukainuliwa, na mara nyingine ukarushwa kumrudia aliyeusukuma, tumboni au usoni. Marekani yenyewe, pamoja na vikinga vyake vyote, hospitali hupokea takriban majeruhi 30,000 wa misumeno ya meza kila mwaka, kwa makadirio ya tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa, kwa hiyo hakuna wa huko mwenye haki ya kumnyooshea kidole fundi wa Keko.

Tofauti iko kwingine: ughaibuni kosa hutafutwa kwenye mashine, nyumbani kosa hufichwa kwenye ubao. Fundi wa nyumbani hupigilia kipande cha mbili kwa mbili juu ya meza, akapima kwa tepu upande wa mbele tu, akakubali kwa jicho, na ubao ukitoka mpana huku na mwembamba kule, randa hupitishwa, msasa ukafuata, na mwanya unaobaki kwenye kiungo ukajazwa vumbi la mbao lililokorogwa na gundi nyeupe. Kisha vanishi hupakwa, na mteja huijua siri masika yanapoingia na droo ikakataa kufungika. Uhodari huo wa kuficha ni sanaa, na hakuna mstaafu wa Minnesota anayeuweza. Wapo pia huko wanaopima mashine majira yote ya baridi na kutoa rafu moja ya viatu, lakini angalau rafu hiyo haina gundi ya kusitiri aibu.

Kwa mhamiaji anayejiuliza kama abadili mwongozo wake, jibu limo katika vipimo, wala halimo katika tangazo la duka. Kwanza mashine ichomolewe kwenye umeme; jino moja la msumeno litiwe alama, na umbali wake upimwe hadi kwenye mfereji wa meza, yaani mchirizi unaoongoza kifaa cha kukatia pembe, jino likiwa mbele na tena likiwa nyuma, kwa sababu mara nyingi hulaumiwa mwongozo ilhali msumeno wenyewe ndio ulio upogo, na dawa yake ni kulegeza boliti zinazoushikilia mhimili wake chini ya meza na kuunyoosha, bila kulipa hata senti. Ndipo mwongozo ukazwe na kupimwa dhidi ya mfereji huo huo mbele na nyuma, ulegezwe, usogezwe, ukazwe na kupimwa tena. Ukipotoka kila mara kwa kiasi kile kile, skrubu zake zitaurekebisha, na kinachohitajika zaidi ni kusafisha reli na kuzipaka nta. Ukipotoka mara kulia mara kushoto, au ukihama baada ya kukazwa kwa kusukumwa na kidole gumba, hapo fedha itoke. Itoke kwa kiasi: shiti ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 ikigawanywa katikati kwa urefu huhitaji inchi 24 tu, hivyo reli za inchi 30 zinatosha na zile za inchi 52 ni za kujionyesha, na mashine nyepesi ya kubebwa, yenye meza ya alumini, haifai kuvikwa mwongozo unaokaribia bei yake yenyewe. Wanaowaza kupakia mashine nzima kwenye kontena wakumbuke kwamba mota ya Marekani imeundwa kwa volti 120 na mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde, ilhali Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240, zote kwa mizunguko 50, na transfoma hubadili volti tu.

Mwongozo hauna shida hiyo ya umeme, wala hauna haja ya kusafirishwa. Umbo la herufi T ni bomba za pembe nne, bapa za chuma, boliti na mkono wa kukazia, malighafi ile ile inayogeuzwa mageti na madirisha kando ya kila barabara ya Afrika Mashariki, na hataza ya Biesemeyer ya miaka ile ilikwisha muda wake zamani. Inashangaza, na inaudhi, kwamba mchomeleaji na seremala hupakana karakana miaka nenda miaka rudi bila mmoja kumwagiza mwenzake kitu hicho. Mchomeleaji na achomelee kwa vipande vifupi, maana mchomo mrefu hupinda chuma, aikague pembe kwa skwea kabla ya kila mchomo, aache kichwani skrubu mbili za kurekebisha, na ubavuni mwa pau afunge plaiwudi iliyonyooka. Wenye karakana wanaombwa wamwagize kazi hiyo kabla ya kununua mota nyingine kubwa zaidi, waongeze na bati jembamba la kusimama nyuma ya msumeno ili ubao uliopasuliwa usijifumbe na kuubana, kisha wamkabidhi mwanafunzi wao jukumu la kupima vyote viwili kila asubuhi kabla umeme haujawashwa.