Namba 31.5 ambayo binti alitaka kuifuta

Mtoto akisema ana ripoti ya praktiko ya kemia, wazazi wengi hujiondoa mapema. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na wengine kemia waliiachia kidato cha pili wakamshukuru Mungu. Lakini sehemu inayowaponza watoto kwenye ripoti hizi mara nyingi haihitaji mzazi ajue kemia.

Binti mmoja wa kidato cha tatu, mkazi wa Mbagala jijini Dar es Salaam, alipewa kazi ya kupima ukali wa siki, hii hii ya kwenye kachumbari. Siki huongezwa maji hadi ujazo wake uwe mara kumi, kisha hutiwa kwenye bureti, lile bomba refu la kioo lenye namba. Chini yake huwekwa chupa yenye sentimita za ujazo 25 za kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, iliyopimwa kwa pipeti. Matone mawili ya fenolftalini yanaifanya iwe ya waridi. Siki inadondoshwa taratibu mpaka rangi ipotee, hapo unasoma bureti. Unarudia mara tatu, unatafuta wastani.

Lebo ya siki ilisema asilimia 5. Wenzake walipata 30.0, na hesabu ikawapeleka kwenye 5 bila ugomvi. Yeye alipata 31.4, 31.5 na 31.6. Wastani 31.5, ambao unaleta asilimia 4.8 hivi.

Usiku akachukua raba. Mama yake, muuguzi wa wodi ya wazazi, akamkuta anafuta jedwali.

“Unafuta nini, mama?”

“Nimekosea. Wenzangu wote wana 30.”

“Ulisoma vibaya?”

“Hapana, nilisoma vizuri. Ilikuwa 31.5.”

“Sasa hapo unaandika ulichoona wewe au walichoona wao?”

Binti akanyamaza. Mama akamweleza habari ya kazini kwake. Mjamzito anaweza kuingia wodini anacheka, hana maumivu, kumbe presha imepanda. Muuguzi aliyechoka akinakili 120 kwa 80 ya jana kwa sababu mama anaonekana mzima, daktari atasoma chati safi kabisa, na kifafa cha mimba kitawakuta hawajajiandaa. “Namba mbaya inatusaidia,” alisema. “Ya kutunga ndiyo inatuulia watu.”

Kisha akaomba asimuliwe kilichofanyika tangu mwanzo, hatua kwa hatua. Mama hakuelewa nusu yake, wala haikuhitajika. Binti alipofika kwenye kuosha vyombo akasita, akarudi kufungua maelekezo. Bureti ndiyo husuuzwa kwa kile kitakachotiwa ndani yake. Chupa ya chini husuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa tu. Yeye, kila raundi, alikuwa anaisuuza chupa kwa kostiki soda. Mabaki yalibaki, soda ikazidi ile 25 iliyopimwa, siki nyingi zaidi ikahitajika kuimaliza. Na kwa kuwa alifanya hivyo mara zote tatu, namba zake zilikubaliana zenyewe kwa zenyewe.

Zile namba alizofuta akaziandika upya, sasa kwa wino. Kwenye sehemu ya vyanzo vya makosa, wanafunzi wengi huweka “makosa ya binadamu” na kupita, maneno ambayo hayamwambii mwalimu lolote. Yeye aliandika sentensi nne: alichosuuzia, kilichobaki, kwa nini usomaji ulipanda, na kwa nini jibu lake likashuka chini ya lebo. Zilimchukua muda kuliko hesabu yenyewe, maana Kiingereza chake bado ni cha kusukuma.

Jumatatu daftari lilirudi. Alikuwa amekatwa alama mbili za usahihi. Pembeni ya zile sentensi nne mwalimu aliandika kwa wino mwekundu kwamba arudie Ijumaa, na safari hii chupa aisuuze kwa maji tu.