Kuonja si Kunywa



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo pengine hamkulitarajia kwa padre: ladha ya bia. Katika miaka ya masomo yetu mjini Leuven, nchini Ubelgiji, wenyeji walitukaribisha mezani mara nyingi, na huko mgeni huletewa bia kama kwetu anavyoletewa chai. Iliyotufikia mara nyingi kuliko zote ni Leffe Blonde, kwa kuwa hutengenezwa mjini humo humo na haikosekani dukani.

Tueleze kwanza tulichokiona. Bia hii humiminwa katika bilauri pana yenye mguu, mithili ya kalisi. Rangi yake ni ya dhahabu, angavu, na povu lake ni jeupe na zito. Kabla ulimi haujagusa kitu, pua hupata karafuu, ndizi mbivu na, kwa mbali, vanila. Mtu wa Pemba angedhani kwamba mtengenezaji amechovya karafuu za kisiwani kwake. Kumbe manukato hayo ni kazi ya hamira. Hamira ya bia za namna hii hufanya kazi katika joto kuliko ile ya bia za laga tulizozoea, na wakati inapoila sukari ya kimea huacha harufu hizo nyuma yake. Hamira haionekani katika bilauri. Kazi yake ndiyo inayonukia.

Funda la kwanza ni tamu, lenye ladha ya mkate na asali. Kisha huja uchungu mdogo wa maua ya hopi, nao hauchelewi kuondoka. Utamu hurudi na kukaa ulimini kitambo. Ikinywewa ikiwa baridi sana, karibu haya yote hupotea. Ikiachwa mezani dakika chache, hujifunua. Kwa maoni yetu ni bia njema na laini, iliyotengenezwa isimkwaze mtu yeyote. Na huo ndio upungufu wake. Aliyewahi kuonja Orval, bia kavu na chungu ya watawa Watrapisti, ataiona Leffe kama mahubiri matamu yasiyomwuliza msikilizaji swali hata moja.

Chupa yake hubeba jina la abasia. Je, jina hilo husema kweli? Abasia ya Leffe ipo mjini Dinant, ukingoni mwa mto Meuse. Ilianzishwa mwaka 1152 na Wakanoni wa Mtakatifu Norberti, na habari za bia yake hurejeshwa hadi mwaka 1240. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwatawanya wakanoni, na mwanzoni mwa karne ya 19 utengenezaji ukakoma. Mwaka 1952 abasia ilipatana na mtengenezaji mlei afufue bia hiyo. Leo iko mikononi mwa kampuni kubwa ya AB InBev, na abasia hulipwa kwa ajili ya jina lake. Bia yenye alama ya Watrapisti, kinyume chake, sharti itengenezwe ndani ya kuta za monasteri au jirani nazo, chini ya usimamizi wa watawa wenyewe.

Hatusemi kwamba kuna udanganyifu, maana mapatano hayo yanajulikana. Tunasema tu kwamba picha ya mnara wa kanisa kwenye chupa haikitakasi kilichomo ndani. Tuseme wazi, kwa kuwa tumewahi kumsikia mtu akijitetea mezani kwamba bia ya abasia haina dhambi. Leffe Blonde ina kileo cha asilimia 6.6. Chupa zake tatu zina kileo karibu sawa na chupa nne za ukubwa ule ule za bia ya asilimia 5. Utamu wake huficha nguvu hiyo, na anayekunywa kwa kufuata ulimi huchelewa kujua alipofika.

Ndugu zangu, katika nyumba tunazozitembelea tunawajua akina mama wanaosikiliza hatua za mume anaporudi usiku ili wajue ni usiku wa namna gani. Wao hawana haja ya kusikia habari za karafuu na asali. Hata hivyo tunaamini habari hizo zina kazi yake. Kule Kana msimamizi wa karamu alionja, akatambua kilicho chema, akamwita bwana arusi. Anayeonja hutulia, hutambua, hushukuru, na huona walioketi pamoja naye. Katika bia hii, yote yaliyo ya kutambua tuliyapata katika bilauri ya kwanza. Ya pili haikutuongezea neno, na ya tatu ingetunyang'anya hata lile tulilolipata. Mtu akiacha kuonja na kuendelea kunywa, ajiulize anatafuta nini, maana ladha si tena.

Waliojiwekea ahadi ya kutokunywa kabisa waishike kwa furaha, wala mtu asiwabeze. Wanaokunywa waonje, kisha waiweke bilauri chini wangali wanakumbuka jina la kila aliye mezani.

Tunawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.